Video Haijazinduliwa

Kulikuwa, na bado ipo, nchi moja ambayo jina lake siruhusiwi kuliandika bila kibali. Kibali niliomba mwaka juzi. Nikaambiwa faili langu liko mezani kwa mkubwa, na mkubwa yuko safarini, na ufunguo wa ofisi amesafiri nao. Kwa hiyo tuiite Nchi tu, na msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani.

Nchi hiyo ilikuwa na sheria nyingi nzuri, lakini iliyopendwa na wakubwa kuliko zote ni Sheria ya Uzinduzi. Chanzo chake ni kisima. Miaka mingi nyuma waziri mmoja alisafiri kutwa nzima kwenda kuzindua kisima, akafika na mkasi wake mfukoni, akakuta wanakijiji wameshakunywa maji. Wengine walikuwa wanafulia. Waziri aliumia sana. Inasemekana alirudi nyumbani akasusa chakula. Bunge likakaa, likamwonea huruma, likapitisha kwamba kuanzia siku ile hakuna kitu cha umma kitakachotumika kabla mgeni rasmi hajakata utepe. Ndiyo maana vyoo vipya vya Shule ya Msingi Mlandizo vina utepe mlangoni mwaka wa tatu sasa, na wanafunzi wanavizunguka kwa adabu kwenda vichakani.

Ikafika zamu ya kompyuta. Serikali iligundua kwamba ipo duniani programu kuu ya kompyuta, ile inayoiamsha mashine asubuhi na kuisimamia kutwa, ambayo ni huria. Imetengenezwa na watu wa kila pembe, na mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuifungua, kuibadilisha na kumgawia jirani bure. Serikali ikaichukua. Ikabandika picha ya Rais pale kioo kinapowaka, ikaipa jina la Fahari, ikatangaza kwamba imebuniwa na vijana wetu, kisha ikaunda Wizara ya Uhuru wa Kompyuta ili iilinde. Kanuni ya kwanza ya wizara ilisema: "Kwa kuwa programu hii ni huru, ni marufuku mtu yeyote kuigusa."

Fahari haikuwa na shida. Iliandika barua, ilichapa barua, ilihifadhi barua. Kitu kimoja tu haikuja nacho: kifunguzi cha video, kijiprogramu kidogo ambacho bila hicho video za mtandaoni hazichezi. Waliotengeneza programu yenyewe, huko waliko, walimwachia kila mtu ajiongezee, kazi ya dakika mbili. Masikini hawakujua kwamba kuna nchi ambako kujiongezea ni kosa la jinai.

*

Siwema Chande alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga katika hospitali ya wilaya ya Kidundu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, ambaye alitembea wodini akijisemea mwenyewe, na akina mama walishazoea kumjibu. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amepokea watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati wao, akiwafunga vifuani mwa mama zao na kuwaombea. Wengine walipona. Wengine mapafu yaligoma tu, na Siwema alikuwa anawakumbuka wote kwa majina, hata wale waliokuwa hawajapewa jina.

Ndipo wafadhili wa ng'ambo wakaleta mashine ya kuwasaidia njiti kupumua. Mashine ilizinduliwa ipasavyo. Utepe ulikatwa, mafahali watatu wakachinjwa, Mkuu wa Wilaya akacheza ngoma mpaka kiatu kikachomoka. Wageni walipoondoka, Siwema alifungua boksi akitafuta kitabu cha maelekezo. Akakuta kikaratasi kimoja kilichosema: kwa maelekezo ya matumizi, tazama video mtandaoni, kwa anwani ifuatayo.

Alikwenda mbio kwenye kompyuta ya hospitali, akaandika anwani. Rais akatabasamu, ukurasa ukafunguka, na katikati yake pakatokea kiboksi cheusi tii. Chini yake paliandikwa: "Kifunguzi cha video hakipo. Ungependa kukiongeza?" Palikuwa na Ndiyo na palikuwa na Hapana. Siwema akabofya Ndiyo. Kompyuta ikamuomba neno la siri.

Msomaji atauliza kwa nini hakutazama kwenye simu yake. Swali hilo laonyesha kwamba msomaji hakuwepo nchini wakati wa uchaguzi. Tangu uchaguzi ule, ambao ulikwenda vizuri kupita kiasi, video zote zilizimwa kwenye simu za wananchi kwa ajili ya kulinda amani. Zilibaki kwenye kompyuta za serikali peke yake, na kompyuta za serikali ni Fahari, na Fahari haikuwa na kifunguzi. Amani ilikuwa tele.

*

Siwema alipiga simu wizarani. Akapokelewa na fundi mmoja aitwaye Bahebe, mtu mwenye sauti ya upole kama anayeongea msibani.

"Dada yangu, hilo ni jambo dogo mno," Bahebe alisema. "Unabofya Ndiyo, unaweka neno la siri, unasubiri dakika mbili, basi."

"Haya, nitajie hilo neno la siri."

"Liko hapo hapo kwenu. Tulilituma kwenye bahasha, imegongwa lakiri. Katibu wa hospitali kaifungia kabatini."

"Basi nikaichukue."

"Ehe, hapo sasa. Hiyo bahasha inafunguliwa mbele ya mgeni rasmi. Kifunguzi bado hakijazinduliwa, dada."

"Bahebe, mimi nina watoto wanakufa hapa."

Bahebe akasema polepole kwamba anajua, na kwamba Siwema ajaze fomu.

Alijaza fomu. Fomu ilikwenda kwa Kamati ya Maudhui, watu kumi na mmoja wenye vitambi vya heshima, ambao walitaka kwanza kuiona hiyo video ndipo waruhusu ionekane. Waliifungua ofisini kwao, kwenye Fahari, wakaona kiboksi cheusi. Walikitazama kwa dakika sita, ndio urefu wa video yenyewe. Kisha wakaandika taarifa kwamba hawakuona jambo lolote linalopingana na maadili, isipokuwa mjumbe mmoja aliyelalamika kwamba mwisho wake umeachwa wazi. Wakaomba pia nakala ya video kwa maandishi, kurasa zisizopungua tatu. Siwema akachapa kiboksi cheusi mara tatu, akabana kwa pini, akatuma. Kamati ilimpongeza kwa usafi wa kazi.

Mwezi wa tatu ukatoka jibu: ombi limekubaliwa. Uzinduzi wa kifunguzi cha video utafanyika Kidundu tarehe ishirini na nane, na mgeni rasmi ni Waziri mwenyewe wa Uhuru wa Kompyuta, Mheshimiwa Dakta Injinia Balozi Mstaafu Lutengano Kibweta.

Katika miezi hiyo mitatu, wodi ya Siwema ilipoteza njiti watano. Mashine iliyozinduliwa ilisimama pale kitandani ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya bibi harusi.

*

Tarehe kumi na saba, saa sita mchana, akajifungua Nyamizi.

Nyamizi alikuwa muuza mkaa wa sokoni. Alishazaa mara mbili kabla ya hapo, mara zote mimba ikiwa ya miezi saba, na mara zote alitoka hospitali akiwa amebeba kanga tupu. Huyu wa tatu naye hakungoja. Alikuwa wa kike, kilo moja na robo, na kila alipovuta pumzi kifua chake kilizama ndani mpaka mbavu zikahesabika.

"Sista," Nyamizi alimwambia Siwema, bila kulia, "huyu naye usiniambie habari za Mungu. Niambie mashine."

Siwema aligeuka. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa katibu wa hospitali, Bwana Kilimba, mzee mwembamba aliyebakiza miezi minane kustaafu na aliyekuwa akiihesabu kwa vidole.

"Bwana Kilimba, naomba bahasha."

"Sista Siwema, unanitakia nini? Unajua sheria."

"Mtoto ana saa moja, labda mbili."

Bwana Kilimba alimtazama. Kisha akainuka, akachukua kitabu cha Sheria ya Uzinduzi, akasogea dirishani, akageuza uso nje.

"Mimi nasoma," alisema. "Na ninakuonya kama kiongozi wako. Ufunguo wa kabati, ule wenye kamba ya bluu, uliopo kwenye droo ya kushoto chini ya miwani yangu ya zamani, ni marufuku kabisa kuugusa." Na akaanza kusoma kwa sauti kubwa: "Kifungu cha kwanza! Katika sheria hii, utepe maana yake ni kitambaa chembamba, chekundu au cha rangi ya taifa!"

Siwema aligusa kila kilichokatazwa. Alitoa bahasha, akavunja lakiri, akafungua karatasi iliyokuwa ndani. Ilikuwa nyeupe. Akaigeuza nyuma, nako nyeupe. Akampigia Bahebe.

"Nyeupe?" Bahebe aliuliza. "Basi halijawahi kuwekwa, dada. Kamati ya Maneno ya Siri haijakaa. Acha wazi, bonyeza tu."

Siwema aliingia chumba cha kompyuta, mlango wa pili, akabofya Ndiyo, akaacha wazi, akabonyeza. Mstari wa kijani ukatembea kwenye kioo kutoka kushoto kwenda kulia. Dakika mbili baadaye kile kiboksi cheusi kiliwaka rangi, akatokea mama mmoja mnene wa ng'ambo aliyevaa glavu, ameshika mwanasesere. Miezi mitatu, watoto watano, na mlango haukuwa na kufuli. Siwema alitukana tusi moja ambalo Bwana Kilimba alilimeza kwa kupandisha sauti: "Kifungu cha nne! Mkasi!"

Maelekezo yenyewe yalikuwa mepesi kiasi cha kutia hasira. Vimirija vinaingia puani mwa mtoto. Mpira wa upande wa pili unazamishwa kwenye chupa ya maji, mpaka alama ya tano. Mapovu yakichemka chupani, mtoto anapumua vyema. Yakikoma, kagua pua kwanza, kisha mpira. Siwema aliandika yote kwenye karatasi ya daftari kwa herufi kubwa, akachora na chupa, akakimbia wodini. Saa saba na robo mapovu yalianza. Nyamizi aliweka kiti mbele ya ile chupa, akakaa, na hakukiacha kiti hicho ila kwa kukamua maziwa na kwenda msalani. Siwema alibandika karatasi ubavuni mwa mashine, na kila zamu ilipobadilishana aliisoma kwa sauti mbele ya wauguzi, nao wakairudia kama watoto wa chekechea.

*

Tarehe ishirini na tano kikaja kikosi cha maandalizi kutoka wizarani, kikiongozwa na Afisa Itifaki, Bi Kandida Mlowe. Huyu alikuwa mama nadhifu ambaye hakuwahi kuonekana akikaa, kwa kuwa viti vyote alivyoviona alikuwa akivihesabia wageni. Aliwasha kompyuta, akabofya, na yule mama wa ng'ambo akatokea na mwanasesere wake.

Bi Kandida alirudi nyuma hatua mbili. "Inacheza," alinong'ona. "Nani kaichezesha?"

Bwana Kilimba alianza kuhesabu vidole.

Bi Kandida hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wanne na kiwanja. Alifikiri upesi. Kifunguzi kikaondolewa siku hiyo hiyo, kiboksi kikarudi kuwa cheusi, akashusha pumzi. Lakini alipopita wodini akaona mashine inachemka na mtoto amelala chini yake, pumzi ikampanda tena. Mtoto yule alikuwa ushahidi. Kila aliyemwona hai angeuliza mashine imewezaje kutumika kabla ya video, na video imewezaje kuonekana kabla ya Waziri. Akaomba daftari la wodi. Akafuta tarehe kumi na saba kwa wino mweupe, akaandika ishirini na nane, asubuhi.

"Mama," alimwambia Nyamizi kwa upole wote, "mtoto wako atazaliwa Jumamosi, baada ya hotuba."

Nyamizi alimtazama, akamtazama mwanawe, akamtazama tena.

"Na huyu ninayemkamulia maziwa ni nani?"

"Huyo," alisema Bi Kandida, "ni wa maandalizi."

*

Jumamosi ilipambwa. Palikuwa na mahema manne, zulia jekundu, na kwaya ya wauguzi wote wa hospitali waliovishwa fulana za Fahari, kwa kuwa wizara ilisema kwaya ya kukodi haina uzalendo. Wodini aliachwa muuguzi mmoja tu, binti mgeni aliyeripoti kazini jana yake, aitwaye Eliwaza. Siwema aliomba abaki naye. Akaambiwa sauti ya tatu haina watu.

Mheshimiwa Waziri alihutubia saa moja na nusu.

"Ndugu wananchi! Video ni nini? Video ni picha inayotembea! Nani anayeitembeza? Ni serikali yenu! Walikuwepo waliosema nchi hii haitaona video. Leo wako wapi? Wengine wako ndani! Nasema, sisi hatukupewa video, sisi tumeifungua! Na tumeifungua kwa mikono yetu, kwa programu yetu, tuliyoibuni sisi wenyewe, na ambayo mataifa makubwa sasa yanatuiga!"

Vigelegele vilipigwa na watu waliopangiwa vigelegele. Kisha Waziri akasogea kwenye mlango wa chumba cha kompyuta. Sasa, waya wa intaneti wa hospitali ulikuwa unapita pale pale mlangoni kwa urefu wa kifua, na Bi Kandida, ambaye hakuvumilia kitu kibaya machoni pa mgeni rasmi, alikuwa ameagiza uviringishwe utepe mwekundu uwe na sura. Utepe wenyewe ulifungwa juu yake kidogo. Waziri aliona tepe mbili, akafurahi, akazikata zote.

Aliingia, akabofya Ndiyo kwa kidole kilichonyooshwa kwa ajili ya wapiga picha. Hakuna kilichotembea kwenye kioo. Kiboksi kilibaki cheusi. Watu wakatazama kiboksi, wakamtazama Waziri, wakatazama tena kiboksi.

"Mmeiona?" aliuliza Waziri.

"Tumeiona, Mheshimiwa," alisema Mwenyekiti wa Kamati ya Maudhui, aliyekuwa na uzoefu nayo. "Safi sana. Na leo ni safi kuliko siku ile."

Makofi yalilia mpaka bati likatetemeka.

Kabla ya chakula, Waziri akapelekwa wodini kuona matunda ya video. Akamshika mtoto kidole, akampongeza Nyamizi kwa kujifungua salama asubuhi ile, akashangaa jinsi alivyokwisha kupata nguvu. Ndipo akaiona karatasi ya daftari ubavuni mwa mashine. Akaisoma mpaka mwisho, midomo ikicheza.

"Hii," aliuliza, "imezinduliwa lini?"

Karatasi ilibanduliwa, ikakunjwa, ikatiwa bahasha, ikagongwa lakiri. Ikaandikwa kwenye ratiba ya uzinduzi ya mwaka wa fedha ujao, baada ya daraja na kabla ya choo. Na Siwema, kwa kuwa mwandiko ulikuwa wake, akaitwa ofisini kujieleza.

*

Alikaa mbele ya Bi Kandida na maofisa wawili wasio na majina. Karatasi mbele yake ilikuwa na swali moja: Eleza ulivyoitazama video kabla haijazinduliwa. Mlangoni alisimama askari. Nje, vipaza sauti vilikuwa vinatangaza wali.

Ofisi hiyo ilipakana na wodi, na ukuta ulikuwa wa mbao. Siwema alikuwa hajaandika neno aliposikia machela inaingizwa mbio, mwanamke analia, kisha sauti ya Eliwaza, nyembamba, inayovunjika: "Njiti! Jamani, njiti! Sista Siwema yuko wapi? Mpira unaingia mpaka wapi? Karatasi iko wapi?"

Siwema aliinuka. Askari akaweka mkono mlangoni.

"Maelezo kwanza," alisema ofisa mmoja.

Siwema aliutazama ule mkono. Akakaa, akachukua kalamu, akaandika mstari mmoja, akausukuma mezani. Bi Kandida aliusoma. Uliandikwa hivi: "Kwenye video hiyo mimi niliona kile kile alichokiona Mheshimiwa Waziri leo."

Bi Kandida aliusoma mara ya pili. Kama maelezo haya ni ya uongo, basi Waziri kuna kitu hakukiona. Kama ni ya kweli, Sista hakutazama chochote. Alimsogezea mwenzake wa kulia, aliyesoma akakohoa. Yule wa kushoto hakutaka hata kuishika.

"Yamepokelewa," alisema Bi Kandida, akagonga muhuri. Kisha, akiwa ametazama pembeni, akamwambia askari, "Mpishe huyo. Haraka."

Siwema aliingia wodini akikimbia. Kwenye kitanda cha pili Eliwaza alikuwa amesimama na vimirija, ameshavitia puani mwa kitoto chekundu kidogo, machozi yanamtiririka. Na chini, kwenye kile kiti chake mbele ya chupa, alikuwa amekaa Nyamizi. Mwanawe alikuwa amemfunga kifuani kwa kanga, akipumua mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na siku kumi na moja, ingawa kwa mujibu wa daftari alikuwa amezaliwa asubuhi hiyo. Mkono mmoja wa Nyamizi ulikuwa umeshika mpira, mwingine umeshika chupa. Mpira ulikuwa umezama mpaka alama ya tano, wala si unywele chini wala unywele juu.

Mapovu yalikuwa yanachemka.

Siwema alisogea hadi kwenye kiti. "Nyamizi," alisema, "nani kakufundisha?"

Nyamizi hakuondoa macho kwenye chupa.

"Nilikuwa kwenye maandalizi," alisema.